Mwongozo wa Mpenzi na Hadithi za Picha za Kiswahili

Kati ya mwaka 1975 na mwaka 1990 mtoto wa shule ya msingi mjini Songea hakuwa na televisheni ya kumchekesha. Unguja ilikwisha kupata kituo chake katika miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara haikupata cha kwanza mpaka mwaka 1994. Kicheko cha mtoto huyo kilikuja kwa karatasi. Kilikuja katika picha za Chakubanga, zilizochorwa na Christian Gregory katika gazeti la Uhuru, na baadaye katika jarida la Sani, ambalo jina lake liliundwa kwa silabi za mwanzo za majina ya waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Nakala ilitoka Dar es Salaam, ikapita Makambako, ikafika Songea imechelewa, ikasomwa na watu wengi, na mwisho wake ikafungiwa karanga.

Watoto hao leo ni watu wa makamo, na wengine wana wajukuu. Wakutanapo, jina moja tu, Lodi Lofa au Ndumilakuwili, latosha kuwafungulia mazungumzo marefu. Walakini mazungumzo hayo hayana kitabu cha kuyaegemea. Uchunguzi unaojulikana zaidi juu ya hadithi za picha za Kiswahili umefanywa na wataalamu wa Kijerumani: Rose Marie Beck, aliyechapisha makala yake katika Swahili Forum mwaka 1999, na Jigal Beez, aliyemweka Komredi Kipepe kando ya Asterix wa Wafaransa katika makala ya mwaka 2003. Kazi hizo ni za thamani, na kila mwanafunzi wa jambo hili hapana budi azisome. Lakini zimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya wataalamu. Hazikuandikwa kwa ajili ya msomaji wa Lizaboni au Mfaranyaki atakaye kujua nani alimchora Madenge, na neno fulani lilimaanisha nini siku ile liliposomwa mara ya kwanza.

Huko Marekani na Ulaya haja ya namna hiyo imezaa aina nzima ya vitabu. Ni vitabu vya wapenzi: mtu aliyezipenda hadithi za picha utotoni hurudi kwao akiwa mtu mzima, akaziorodhesha, akazifafanua na kuwaongoza wenzake. Makala haya yanavipima vitabu hivyo, faida zake na kasoro zake, kisha yanatazama ni sura gani ingefaa Kiswahili. Hoja yake ni kwamba kazi ya mpenzi, ikifanywa kwa uaminifu, ni sharhe. Na sharhe si mgeni katika fasihi ya Kiswahili. Hoja ya pili ni kwamba kazi hiyo ikizidi kucheleweshwa, atakayepoteza kwanza ni mtaalamu wa lugha, kabla ya mpenda burudani.

Asili ya vitabu vya wapenzi

Katika Marekani wapenzi walitangulia wataalamu. Mwaka 1961 Jerry Bails, mtu wa sayansi kwa taaluma yake, alianza kutoa kijarida kiitwacho Alter Ego kwa ajili ya watu waliozikumbuka hadithi za mashujaa za miaka ya 1940. Mwaka 1965 Jules Feiffer, mchoraji na mwandishi, alitoa kitabu The Great Comic Book Heroes, ambacho kilichanganya insha ya kumbukumbu za utoto na hadithi za zamani zilizochapishwa upya. Huko Uingereza mwaka 1967 George Perry na Alan Aldridge walitoa The Penguin Book of Comics. Mwaka 1970 Robert Overstreet akatoa kitabu cha bei, kinachoonyesha thamani ya kila toleo kwa mnunuzi na muuzaji. Kwa muda wa miaka kumi, basi, ilikwisha kuonekana njia kuu zote za aina hii: kijarida cha marafiki, insha ya kumbukumbu, historia yenye picha, na orodha ya bei.

Faida iliyo kubwa kuliko zote ni ya majina. Hadithi za picha za biashara zilitolewa mara nyingi bila kumtaja aliyezichora. Carl Barks alianza kuchora na kutunga hadithi za bata Donald mwaka 1942, na mwaka 1947 akamwumba Scrooge McDuck, bata tajiri na bahili. Lakini kurasa zilibeba jina la Walt Disney peke yake. Wasomaji watoto waliutambua mkono wake kwa macho tu. Walijua kwamba kati ya wachoraji wengi wa bata yupo mmoja aliye bora, wakamwita kwa sifa hiyo kwa kuwa hawakuwa na jina. Ilipofika mwaka 1960 ndipo barua ya kwanza ya mpenzi ilipomfikia, naye alikuwa amekwisha fanya kazi karibu miaka ishirini. Baadaye Bails, pamoja na Hames Ware, alikusanya majina ya wachoraji na watunzi wa Marekani katika orodha iliyotoka kati ya mwaka 1973 na mwaka 1976. Hakuna chuo kikuu kilichowatuma kufanya hivyo. Walifanya kwa sababu walipenda, na upendo uliwafundisha kutofautisha mstari wa kalamu moja na wa nyingine.

Faida ya pili ni ya kufuatilia chanzo. Michael Farr, katika kitabu chake cha mwaka 2001 juu ya Tintin, anaonyesha picha na magazeti ambayo Hergé aliyatumia katika kuchora magari, ndege na majengo. Msomaji anapata kuona jinsi kazi iliyoonekana nyepesi ilivyojengwa kwa bidii. Huo ni uhakiki halisi, ijapokuwa umevaa nguo za burudani.

Kasoro zake

Pamoja na hayo vitabu vya wapenzi vina kasoro ambazo hazifai kufichwa, maana mtu akiiga kazi bila ya kuzijua kasoro zake ataziiga nazo.

Kasoro ya kwanza ni ya bei. Kitabu cha Overstreet na vingine vya mfano wake hupima nakala kwa usafi wa karatasi na kwa uchache wake sokoni. Kwa kipimo hicho nakala iliyosomwa na watoto ishirini mpaka ikapasuka haina thamani, na ile iliyofungiwa sandukuni bila kufunuliwa ndiyo johari. Kwa mchunguzi wa lugha na wa jamii mambo ni kinyume. Nakala iliyochakaa ni ushahidi kwamba ilisomwa, ilisikilizwa na kuchekewa. Tena mpenzi akishazoea kuuliza bei huacha kidogo kidogo kuuliza maana.

Kasoro ya pili ni sifa isiyopambanua. Mpenzi huogopa kukiaibisha kile kilichomlea. Mfano ulio wazi ni hadithi ya Tintin nchini Kongo, iliyotoka kama kitabu mwaka 1931. Katika toleo lile Tintin anawafundisha watoto wa Kikongo darasani kwamba nchi yao ni Ubelgiji. Ilipochorwa upya kwa rangi mwaka 1946 somo hilo liligeuzwa hesabu ya kujumlisha. Mwongozo unaotaja toleo moja na kulinyamazia jingine humdanganya msomaji, hata kama kila sentensi yake ni ya kweli. Shauri lilifika hata mahakamani: Bienvenu Mbutu Mondondo, Mkongo anayeishi Ubelgiji, alidai tangu mwaka 2007 kitabu hicho kizuiwe, na mahakama ya Brussels ikakataa dai lake mwaka 2012. Mtu anaweza kukubaliana na hukumu au asikubaliane nayo. Ila mwongozo ulio mwaminifu hauna ruhusa ya kumpitisha msomaji mbele ya darasa lile amefumba macho.

Kasoro ya tatu ni ya kumbukumbu yenyewe. Mtu mzima humkumbuka mhusika kama kitu kimoja, naye huenda alipita katika mikono kadhaa. Jambo hili lagusa Tanzania moja kwa moja. Sifa ya Sani katika miaka ya 1980 ilijengwa kwa sehemu kubwa na kalamu ya Philip Ndunguru, aliyefariki mwaka 1986 angali kijana. Wahusika hawakufa pamoja naye. Wachoraji wengine waliwaendeleza. Msomaji asemaye kwamba alimpenda Lodi Lofa hana budi kuulizwa: Lodi Lofa wa mkono gani? Kumbukumbu haiwezi kujibu swali hilo peke yake. Karatasi yaweza. Kadhalika mtu wa Umatengo asikiapo jina la Ndunguru hulihesabu mara moja kuwa ni la kwao, kwa kuwa ni jina lililoenea sana huko; lakini jina si cheti cha kuzaliwa, na mwongozo mwema huthibitisha kabla ya kujivunia.

Neno na mabwana wake wawili

Kabla ya kusema Kiswahili kinahitaji mwongozo, yafaa kulitazama neno lenyewe. Katika Tanzania neno mwongozo limekuwa na mabwana wawili. Wa kwanza ni siasa: Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971, ambao uliwaeleza viongozi na wafanyakazi namna ya kuenenda. Wa pili ni mtihani. Mwanafunzi wa sekondari asemapo mwongozo hakusudii siasa. Akusudia kile kijitabu kinachomtolea dhamira, wahusika na falsafa ya mwandishi wa riwaya iliyowekwa katika mtaala, ili apate kuyaandika katika karatasi ya mtihani. Wako wanafunzi wanaojua dhamira tano za riwaya ambayo hawakupata kuifungua.

Tofauti ya mwongozo wa mtihani na mwongozo wa mpenzi ni kubwa. Ule wa mtihani hutungiwa mtu asiyetaka kusoma, ukachukua mahali pa kitabu. Wa mpenzi hutungiwa mtu aliyekwisha soma na atakaye kusoma tena, ukamrudisha kitabuni. Wa kwanza hufuta mambo madogo madogo ili ibaki kanuni. Wa pili hukusanya mambo madogo madogo kwa sababu ndimo raha ilimokaa: mhusika alibadili kofia toleo gani, msemo fulani ulianza kwa nani. Endapo vitabu vya kueleza hadithi za picha vitaandikwa kwa Kiswahili kwa desturi ya vijitabu vya mtihani, vitamweleza msomaji kwamba Lodi Lofa ana dhamira ya kupinga uvivu, na vitamwacha hana hata tone la kicheko. Hasara hiyo yaweza kuepukwa kwa kutafuta mfano ulio mwema zaidi, na mfano huo hauko mbali.

Sharhe ya Mombasa

Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Tungo zake zilikaa katika vinywa vya watu. Nyingi zilizaliwa na jambo la siku ile: ugomvi, vita, njaa, mzaha kati ya rafiki. Lilipopita jambo lenyewe, ubeti ulibaki kama ufunguo uliopotewa na kufuli yake. Katika miaka ya 1880 Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mtu wa Mombasa aliyezijua na kuzipenda tungo hizo, alizikusanya na kuzieleza pamoja na W. E. Taylor, mmisionari wa Kiingereza. Kazi yao ndiyo msingi wa Diwani ya Muyaka iliyotolewa na W. Hichens mwaka 1940. Bila ya Mwalimu Sikujua, beti nyingi zingesomeka bila kueleweka.

Alichofanya Mwalimu huyo ndicho anachofanya mpenzi wa hadithi za picha. Alipambanua lililo la Muyaka na lisilo lake. Alitaja tukio. Alifafanua neno lililokwisha kuzeeka. Alifanya hivyo wakati bado wako wazee waliolisikia tukio kwa wenyewe. Hakuna aliyemwambia kwamba mashairi ya kuchekana na kubishana ni mambo duni yasiyostahili wino. Au kama alikuwako wa kumwambia, hakumsikiliza, na taaluma yote ya Kiswahili ina deni kwake kwa sababu hiyo.

Baina ya kifo cha Muyaka na kazi ya Mwalimu Sikujua ilipita miaka arobaini na zaidi. Baina ya kifo cha Philip Ndunguru na leo imekwisha pita muda wa kadiri hiyo hiyo. Waliosoma kurasa zake zikiwa mpya bado wako hai. Huo ndio wakati wa sharhe; ukipita, hauna wa pili.

Kilichomo ndani ya majina

Labda mtaalamu wa lugha atauliza: kuna nini katika vichekesho hivi kinachostahili juhudi hiyo? Jibu laweza kuanzia katika majina peke yake.

Ndumilakuwili ni jina la kale la nyoka asemwaye kuwa huuma kwa pande zote mbili, na kwa hiyo la mtu mnafiki. Ndani yake mna historia ya sauti. Kitenzi uma katika Kibantu cha kale kilikuwa na konsonanti mwanzoni, ambayo Kiswahili kimeipoteza. Kingoni kingali kinasema kuluma, na Kichewa vilevile. Konsonanti hiyo ikitanguliwa na n haipotei bali huwa d, na ndiyo sababu ya ndu- katika jina hili. Tena kauli ya kutendea katika Kiswahili cha leo ni -ia au -ea, kama katika pigia na somea; l ya zamani imeanguka. Katika ndumila imebaki. Jina moja, basi, limehifadhi konsonanti mbili ambazo lugha imezitupa. Mtoto wa Songea aliyemsikia bibi yake akisema kuhemela kwa maana ya kununua, na kisha akakuta katika Kiswahili kuhemea kwa maana ya kwenda kutafuta chakula cha kununua, alikuwa na ufunguo wa jina hili mkononi mwake, ijapokuwa hakuna aliyemwonyesha mlango.

Lodi Lofa ni jina la namna nyingine. Maneno yote mawili yametoka katika Kiingereza, moja la bwana mwenye cheo na jingine la mtu asiye na kazi. Kiswahili kimeyafunga pamoja kwa takriri ya sauti, lo na lo, kikapata mtu mmoja mwenye kiburi cha juu na mfuko mtupu. Mtungaji hakuhitaji kueleza tabia yake. Jina limekwisha maliza kazi. Pimbi ni mnyama mdogo akaaye mawemawe, na kwa mzaha ni mtu mfupi. Apewapo cheo cha udaktari na jina la mapenzi, kama alivyopewa Dr. Love Pimbi, mzaha huongezeka kwa kila neno. Komredi, katika jina la Komredi Kipepe, ni neno la majukwaa ya siasa lililoshushwa kijiweni. Msomaji wa miaka ya 1980 aliyelisikia kila siku kwa uzito, alilikuta hapa likivaa kaptula. Msomaji wa leo aweza kuliona ni jina tu. Mwongozo usipomweleza, nusu ya kicheko imekufa.

Kenya nayo ina mfano unaofaa kuwekwa kando. Juha Kalulu wa Edward Gitau alidumu miaka mingi katika Taifa Leo, akawa miongoni mwa wahusika walioishi muda mrefu kabisa katika magazeti ya Afrika Mashariki. Juha ni mjinga, kwa neno lenye asili ya Kiarabu. Kalulu ni sungura katika Kichewa. Naye sungura, katika ngano za nchi hizi zote, ni mjanja kuliko wanyama wote. Kwa mtu wa Mbamba Bay, ambaye ng'ambo ya ziwa ana jirani wasemao kalulu, jina hilo lina ukinzani ndani yake: mjanja aliyeitwa mjinga. Kwa mtu wa Nairobi huenda likawa jina la kuchekesha tu. Jina moja, masikio mawili. Kamusi haina nafasi ya kuandika tofauti hiyo, mwongozo unayo.

Mzaha na mwaka wake

Jambo la pili ni la tarehe. Lugha ya mitaani hubadilika upesi, na kamusi huifuata kwa mwendo wa mzee. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitoka mwaka 1981, na toleo lake la pili likaja mwaka 2004. Katika miaka hiyo ishirini na mitatu maneno mengi yalizaliwa, yakatamba, yakafa. Uta Reuster-Jahn na Roland Kießling walipotoa uchunguzi wao wa lugha ya mitaani ya Tanzania mwaka 2006, walionyesha jinsi msamiati huo ulivyo mpana na jinsi unavyotegemea vijiwe, muziki na magazeti. Lakini kulijua neno ni jambo moja, na kuujua mwaka wake ni jingine. Toleo la jarida lenye tarehe juu yake, na neno likiwa limeandikwa katika kiputo cha mhusika, ni cheti ambacho mahojiano hayawezi kukitoa.

Tarehe hizo huleta na historia. Mwaka 1983 serikali iliendesha kampeni dhidi ya walanguzi na wahujumu uchumi. Sabuni, sukari na hata karatasi zilikuwa shida, na foleni ilikuwa sehemu ya maisha. Kijana wa leo akikuta picha ya mtu anayekimbia na kipande cha sabuni kana kwamba ameiba dhahabu, ataona upuuzi. Baba yake ataona mwaka wa 1983. Neno mlanguzi lililobeba hofu katika siku zile limepungua uzito, na maana yake ya zamani iko katika vichwa vya watu na katika majarida yanayooza.

Yapo malalamiko ya siku nyingi kwamba majarida haya yaliharibu Kiswahili sanifu. Mwalimu wa shule wa miaka ya 1980 aliyemnyang'anya mtoto nakala ya Sani darasani alikuwa na hoja, maana mtoto yule alipaswa kujua kwanza lugha ya kitabu. Lakini mtoto wa Songea nyumbani alisema Kingoni, Kimatengo, Kindendeule au Kiyao, na shuleni akapewa Kiswahili kilichopigwa pasi. Kiswahili kinachotania, kinachokatiza maneno, kinachojibizana, alikipata wapi? Kwa sehemu kubwa alikipata katika viputo vile. Viputo vilimfundisha kwamba lugha ya taifa yaweza kuchezewa, na mtu hujiona mwenyeji wa lugha siku anapoweza kuichezea. Mchango huo haujapewa haki yake katika maandishi juu ya kuenea kwa Kiswahili, ambayo hutaja shule, siasa na redio, kisha hunyamaza.

Sura ya kitabu kinachofaa

Kutokana na yaliyoelezwa, mwongozo wa hadithi za picha za Kiswahili unahitaji mambo manne. Kwanza, orodha: kila jarida, kila toleo linalopatikana, tarehe yake, mchoraji na mtunzi wake, pamoja na kupambanua mikono pale mhusika alipobadili mchoraji. Pili, sharhe ya maneno, kila neno likiwa na toleo lililolitumia. Tatu, maelezo ya matukio yaliyozaa mizaha. Nne, hukumu. Mwongozo useme kipi ni kizuri na kipi ni dhaifu; useme pia palipo na dharau kwa wanawake, kwa watu wa mashamba au kwa kabila fulani, wala usijifiche nyuma ya maneno kwamba zamani watu walikuwa hivyo. Msomaji anayependa hahitaji kulindwa na ukweli.

Kazi hii haiwezi kufanywa Dar es Salaam peke yake. Mkusanyo wa Afrika Mashariki katika maktaba ya Chuo Kikuu na maktaba kuu ya taifa ni mahali pa kuanzia, lakini jarida la burudani halikuhifadhiwa popote kwa heshima iliyopewa gazeti la serikali. Nakala nyingine zimo katika masanduku ya watu, mikoani. Maktaba ya Mkoa mjini Songea ingeweza kuwa kituo cha kuzipokea, kuzinakili na kuzirudisha kwa wenyewe, na walimu wastaafu wa wilaya za Mbinga, Namtumbo na Tunduru wangeweza kuulizwa walisoma nini na waliwanyang'anya watoto nini.

Ruvuma ina mfano wake wa kazi ya subira ya namna hii. Katika abasia ya Peramiho, kilomita chache magharibi ya Songea, Padre Elzear Ebner aliishi na kuchunguza lugha na historia ya Wangoni kwa miaka mingi, na kitabu chake cha historia kilichapishwa na wachapaji wa Ndanda na Peramiho mwaka 1987. Katika utangulizi wa kazi yoyote ya namna hiyo kuna jambo moja lisiloonekana: mtu aliketi, akauliza, akaandika, na aliyeulizwa hakuwa amefariki bado. Habari za wafalme na vita zilipata mtu wa kuziandika. Habari za kicheko cha mtoto aliyesoma akiwa amejificha nyuma ya daftari la hesabu zinangoja wake.

Ikisemwa kwamba jambo hili ni dogo mno kwa taasisi ya uchunguzi, yafaa kukumbuka kwamba wapenzi wa Marekani hawakungoja taasisi. Lakini wao walikuwa na karatasi nyingi, posta ya haraka na wachapaji wa kila mji. Mpenzi wa Songea ana kumbukumbu nzuri, nakala tatu zilizotafunwa na mchwa, na hana wa kumwambia kwamba anachokijua ni elimu. Taasisi inaweza kumwambia hivyo. Inaweza kumpa karatasi ya maswali, kumfundisha kuandika tarehe na namba ya toleo, na kumhesabu kuwa mchangiaji mwenye jina, kama Mwalimu Sikujua anavyohesabiwa. Wachoraji wengi wa majarida yale walitia sahihi za herufi mbili au tatu kwenye pembe ya picha. Wako watu wanaojua bado herufi hizo zilikuwa za nani.